Silaha Impasayo Mnyama

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana ya neno hili haina kificho: mkulima wa kweli hulima kwa jembe alilonalo, na yule asimamaye pembeni mwa shamba akilaumu mpini ni mvivu atafutaye udhuru. Kwa mkulima neno hili ni la haki, kwa sababu ardhi haisikii maumivu. Jembe likiwa butu, apataye taabu ni mkulima mwenyewe. Lakini ziko kazi ambazo methali hii haizifikii, na mojawapo ni uwindaji wa wanyama wakubwa. Mwindaji aingiaye porini na silaha isiyotosha hajitaabishi yeye peke yake. Humtesa mnyama, ambaye hukimbia na jeraha lake akafa siku nyingi baadaye mahali asipoonekana na mtu. Tena humhatarisha jirani, kwa maana nyati aliyejeruhiwa hachagui wa kumlipiza, na amkutaye njiani huenda akawa mama aokotaye kuni. Basi katika uwindaji methali hugeuka: mchagua silaha ndiye mwindaji.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu wa Afrika ya Mashariki, na wageni waliokuja kuwinda katika nchi zao, walivyolijibu swali hili la silaha itoshayo kwa nyakati mbalimbali. Wako wadhanio kwamba habari ya kaliba za bunduki ni elimu ya kigeni isiyohusiana na utamaduni wetu. Dhana hiyo si sahihi. Bunduki ya kisasa ni ya kigeni, ni kweli. Lakini swali lenyewe, yaani mtu anadaiwa nini na mnyama anayekusudia kumuua, lilikuwapo hapa kabla ya baruti, na majibu yake yalikuwapo pia.

Na tuanze na upinde. Mtu asiyeujua hustaajabu akisikia kwamba Waliangulu, ambao wenyewe hujiita Waata, walikuwa wakimwangusha ndovu kwa mshale katika nyika za Tsavo. Mshale wenyewe hauwezi kumwua ndovu upesi. Uuao ni sumu, na kazi ya upinde ni kuipitisha sumu katika ngozi nene hadi ifikie damu. Ndiyo sababu pinde za Waata zilikuwa ndefu na ngumu kupita kiasi, hata mtu mwenye nguvu asiyezizoea alishindwa kuzivuta. Sumu ilipatikana kwa kuchemsha magome na vipande vya mti wa msunguti kwa saa nyingi, hata maji yakawa uji mzito mweusi kama lami. Wataalamu wa Ulaya walipoichunguza katika karne ya 19 walikuta ndani yake kitu wakiitacho ouabaini, ambacho hushika moyo na kuusimamisha. Jina hilo wamelitoa katika lugha ya Kisomali, kwa kuwa Wasomali nao waliijua sumu hiyo.

Hapa yafaa tutazame jambo moja kwa makini. Sumu ya msunguti huharibika. Ikikaushwa na jua au ikikaa mno hupungua nguvu, na mnyama apigwaye kwa sumu chakavu huenda na maumivu bila kufa upesi. Kwa hiyo wawindaji, Waata na Wakamba pia, walikuwa wakizifunga ncha za mishale yao kwa kipande chembamba cha ngozi ili zisipigwe na hewa, na ngozi hiyo ilifunguliwa wakati wa kutumia tu. Vilevile waliijaribu sumu kabla ya kuiamini: walichanja ngozi kidogo, wakaiacha damu itiririke, kisha wakaigusisha sumu mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha, na kutazama damu ilivyogeuka rangi. Isipogeuka upesi, sumu hiyo haikufaa. Wahadzabe nao, wakaao kando ya Ziwa Eyasi, wanayo mishale ya namna mbalimbali: ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, ya chuma, na ya chuma chenye sumu kwa wanyama wakubwa. Mhadzabe hamrushii pofu mshale wa kanga. Ikiwa hiyo siyo elimu ya kaliba, basi sijui elimu ya kaliba ni nini.

Pamoja na silaha palikuwa na sheria. Katika Unyamwezi wawinda ndovu walikuwa na chama chao, Bayege, ambacho mtu hakuingia kwa kupenda tu. Alifundishwa na kuwekwa chini ya miiko. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati pembe iliyogusa ardhi ndovu alipoanguka ilikuwa ya mtawala, na ya juu ilikuwa ya mwindaji. Kuua mnyama mkubwa hakukuwa jambo la mtu mmoja na tamaa yake. Kulikuwa na mashahidi, mgawo na hesabu.

Gobori lilipoingia, mambo yalianza kubadilika. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitakiwa sana Unguja, na kutoka huko zilipelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Njia ile ile iliyoleta pembe pwani ndiyo iliyopeleka bunduki bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikisia kwamba bunduki zipatazo 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Mwindaji wa ndovu aliyetumia bunduki hizo aliitwa fundi, na jina hilo halikuwa la bure. Katika nchi za kusini, Ruvuma hadi Kilombero, waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo walikuwa Wamakua.

Nani asiyeelewa kwa nini aliitwa fundi? Gobori hushindiliwa mdomoni: kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi za kuishikilia, kisha risasi. Risasi yake ni ya duara, na umbo hilo hupoteza nguvu upesi angani. Mtutu hauna mifuo ya kuizungusha risasi ili iende sawa. Moshi wa baruti nyeusi humfunika mpigaji asione mnyama amekwenda wapi. Na baada ya kupiga, kushindilia tena huchukua muda ambao ndovu mwenye hasira hatoi. Kwa hiyo fundi alilazimika kunyemelea hadi hatua chache tu, akiujua upepo na akijua pa kupiga. Upungufu wa silaha aliulipa kwa ujuzi na kwa ushujaa, na mara nyingine kwa uhai wake.

Wazungu wa kwanza waliowinda kwa baruti nyeusi walikuwa na shida hiyo hiyo, nao wakatafuta dawa yake katika ukubwa. Siku hizo bunduki zilihesabiwa kwa namba ya vidonge vinavyopatikana katika ratili moja ya risasi. Namba 12 ni vidonge kumi na viwili, na namba 4 ni vidonge vinne tu, kila kimoja robo ratili. Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871, aliwinda ndovu kwa gobori la namba 4. Bunduki hiyo iliangusha ndovu, lakini ilimpiga teke la bega hata mwenyewe akaandika baadaye kwamba ilimharibia ushupavu wa kulenga, na alipopata bunduki ndogo zilizo bora aliziacha zile kubwa. Huyu ndiye Selous aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na ambaye Pori la Akiba lililopewa jina lake mwaka 1922 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Funzo la bega lake ni hili: silaha inayozidi uwezo wa mtu nayo haitoshi. Mtu anayefumba macho kwa kuogopa teke la bunduki hatapiga palipokusudiwa, na risasi kubwa iliyopiga tumbo ni mbaya kuliko ndogo iliyopiga moyo.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi. Nguvu yake ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko baruti nyeusi, na kwa ajili hiyo risasi iliweza kuwa nyembamba, ndefu na yenye mwendo mkali. Ikavikwa ganda la chuma kigumu ili isipondeke inapokutana na mfupa. Mwaka 1898 mhunzi wa bunduki John Rigby wa London alitoa kaliba ya .450 iliyotumia baruti hiyo kwa ajili ya wanyama wakubwa. Mwaka 1911 ikafuata.416 ya kampuni hiyo hiyo; na mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ikatoa .375, ambayo hata leo haijazeeka. Namba hizi ni sehemu za inchi; .375 ni kama milimita 9.5. Kwa mara ya kwanza katika historia palikuwa na silaha iliyoweza kumwua ndovu au nyati upesi mkononi mwa mtu wa kawaida aliyefunzwa vizuri.

Sasa tunafika mahali ambapo historia ya silaha inakuwa historia ya dhuluma. Tarehe 2 Julai 1890, wakati bunduki hizo bora zilipokuwa zinatengenezwa, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba ambao, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulikataza silaha bora kuingia Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu zilizuiwa zisifike kwa wenyeji. Kilichoweza kuachwa, tena kwa ruhusa, ni gobori la kawaida na baruti ya biashara. Sababu kubwa haikuwa kumhurumia mnyama. Wakoloni waliogopa kutawala watu wenye silaha sawa na zao, na hofu hiyo balozi wa Unguja alikuwa ameieleza waziwazi miaka miwili kabla.

Baada ya silaha zikaja sheria za wanyama. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani: kuwinda kukawa kwa leseni, na mapori mawili, moja la Rufiji na moja la magharibi ya Kilimanjaro, yakatengwa. Mwezi Mei 1900 mataifa yenye makoloni yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, ambao pamoja na mengine ulitaka matumizi ya nyavu na mashimo yawekewe mipaka. Mkataba huo haukupata kutekelezwa kwa ukamilifu, lakini fikra zake zilienea katika sheria za makoloni yote.

Tazama basi jinsi fundo lilivyofungwa. Mwafrika alinyimwa bunduki itoshayo. Akabaki na gobori, upinde na mtego. Kisha akaambiwa kwamba gobori, upinde na mtego ni ukatili, na kwamba mwindaji muungwana ni yule mwenye bunduki nzuri na leseni ya bei kubwa. Neno la uungwana likawa uzio. Sisemi kwamba gobori halijeruhi. Hujeruhi sana, na tumekwisha kuona kwa nini. Nasema kwamba aliyeamua ni nani abaki na gobori hakuwa Mmakua wala Mkamba. Lawama ya jeraha huwafikia wawili: aliyelipiga, na aliyezuia lisipigwe vizuri zaidi.

Wapenzi wa kaliba ndogo hupenda kumtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, ambaye kwa sababu ya safari zake Uganda aliitwa Bell wa Karamoja. Huyu aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 11 tu. Je, hii si ithibati kwamba kaliba haina maana? Hasha. Bell alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo umelala wapi. Ubongo huo ni mdogo, uko chini na nyuma, baina ya masikio, na mbele yake pana mfupa mpana wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Asiyejua hupiga paji la uso akadhani amepiga ubongo. Alitumia risasi ngumu isiyotanuka. Alikuwa mlengaji wa ajabu. Tena aliwinda ndovu wengi ambao hawajaizoea bunduki, katika nchi ambayo aliweza kuchagua wakati na upande wa kupiga. Aliongozwa na wenyeji waliosoma nyayo kama wewe usomavyo ukurasa huu, na majina yao mengi hayakuandikwa. Mtu ambaye hana hayo yote, akichukua bunduki ya Bell hachukui ustadi wake.

Na hata ustadi wenyewe tuupime vizuri. Ndovu elfu moja waliokufa bila kuteseka walikufa kwa ajili ya gogo la piano na mpira wa mchezo wa biliadi. Kuua vyema siyo sawa na kuua kwa haki. Kaliba itoshayo huondoa ukatili wa namna moja, haihalalishi tamaa.

Silaha itoshayo basi ni ipi? Wajuzi huangalia mambo matatu. La kwanza ni risasi yenyewe: kwa ndovu, kifaru na kiboko hutakiwa risasi ngumu iendayo mbali ndani ya mwili bila kuvunjika wala kupinda njia, kwa simba, chui na pofu hutakiwa risasi laini itanukayo na kumaliza nguvu yake ndani ya mnyama. Kwa nyati hutumika zote mbili kwa mpango. La pili ni nguvu. Risasi ya .375 yenye gramu 19 hutoka na nguvu kama jouli 5,700. Ile ya milimita 7 aliyoitumia Bell haifiki nusu yake kwa kupita kidogo tu, na ile ya.470 hufika kama jouli 6,900. La tatu ni mtu: je, anaweza kuipiga bunduki hiyo akiwa amesimama, anahema, na mnyama anamjia?

Sheria za Afrika zimejaribu kuyaandika mambo haya. Katika Tanzania kaliba ya .375 ndiyo ya chini kabisa kwa wanyama wa hatari kama ndovu, nyati na simba. Zimbabwe imeongeza hesabu ya nguvu: kwa ndovu na nyati, risasi isipungue milimita 9.2 na jouli 5,300. Huo ni ukomo wa chini, siyo ukomo wa heshima. Jambo la tatu, yaani mtu, halikuandikika kwa namba, nalo ndilo alilotazama mzee wa Bayege alipoamua kijana yupi afunzwe.

Tulipojitawala tulirithi wanyama, sheria na jeraha la historia kwa pamoja. Mwezi Septemba 1961, hata kabla ya bendera kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la kuhifadhi wanyamapori, ambalo yafaa lisichanganywe na lile la mwaka 1967. Mwaka 1973 Tanzania ilisimamisha uwindaji, na mwaka 1974 ikatunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Uwindaji ulifunguliwa tena mwaka 1978, wakati Kenya ilikuwa imeufunga mwaka 1977 na haikuufungua. Sheria ya mwaka 1974 iliondolewa na Sheria Namba 5 ya mwaka 2009.

Lakini ujangili haukusoma sheria. Hesabu za ndovu wa Tanzania zilionyesha takriban 109,000 mwaka 2009, na takriban 43,000 mwaka 2014. Katika miaka hiyo majangili wengi walibeba bunduki za kivita zilizobuniwa kumpiga binadamu. Risasi ya bunduki kama hiyo ni ndogo na nyepesi; ndovu humiminiwa nyingi, akaanguka baada ya mateso, au akaondoka nazo mwilini. Hapa ukatili na wizi vimekutana, wala haishangazi. Mtu asiyeheshimu mali ya taifa hana sababu ya kuheshimu maumivu ya mnyama.

Upo upande mwingine ambao tusiusahau. Mkulima wa Liwale au wa Tunduru anayelala shambani akilinda mahindi yake hakai mbali na ndovu kama tukaavyo sisi wa mjini. Ndovu akiingia kijijini na kuua, serikali hutuma askari wa wanyamapori. Askari huyo akipewa bunduki isiyotosha au risasi tatu za kuhesabu, tumerudia kosa la Brussels kwa mikono yetu wenyewe: tumempa kazi ya mnyama mkubwa na silaha ya mnyama mdogo. Mnyama atajeruhiwa, kijiji kitalipa, na lawama itamwangukia askari. Anayemtuma mtu porini anadaiwa silaha ipasayo, mafunzo ya kuitumia, na muda wa kulifuata jeraha hadi mwisho.

Kwa maana mwisho wa uwindaji siyo mlio wa bunduki. Mwindaji wa zamani aliyerusha mshale aliufuata unyayo hata kama jua limechwa mara mbili, kwa sababu mnyama aliyemjeruhi alikuwa deni. Fundi wa Kimakua alilijua deni hilo. Sheria za leo zinaliandika pia, kwamba mnyama aliyejeruhiwa afuatwe. Upinde umekwenda, gobori linakwenda, na kaliba zitabadilika tena, deni halikubadilika.

Basi vijana wetu wanaosomea uhifadhi katika Chuo cha Mweka na kwingineko wajifunze namba zote, za milimita na za jouli, kwa kuwa asiyezijua atajeruhi. Lakini wajue pia kwamba kabla ya namba hizo kuandikwa, hapa kwetu palikuwa na mtu aliyechanja ngozi yake mwenyewe, akaijaribu sumu katika damu yake, ili mnyama asiteseke kwa uvivu wake.